Siku 13 ambazo India na Pakistan hazijazirudia

Usiku wa Desemba 25, 2012, katika uwanja wa kriketi wa Chinnaswamy jijini Bangalore, Shoaib Malik aliuinua mpira wa Ravindra Jadeja ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, na Pakistan ikaishinda India ikiwa imesalia mipira miwili. Ilikuwa mechi ya kwanza ya ziara fupi: mechi 2 za ova 20 na 3 za ova 50, katika miji mitano, ndani ya siku 13. Ziara ilimalizika Delhi, Januari 6, 2013. Tangu hapo timu za wanaume za mataifa haya mawili zimekutana Birmingham, Adelaide, Manchester, Melbourne, New York, Colombo na Dubai, kila mara kwenye mashindano ya nchi nyingi. Hadi mwisho wa 2025 hakuna iliyokuwa imempokea mwenzake nyumbani kwa mfululizo wa mechi za wao wawili. Hoja ya makala haya ni kwamba ziara ya aina ile, fupi na ya ova chache, ndiyo inayopaswa kurudi kabla ya kitu kingine chochote kati ya majirani hawa, na kwamba utaratibu wa sasa wa kukutana mashindanoni pekee umevuna faida yote ya uhasama na kuitupa faida ya ujirani.

Msomaji aliyekulia kwenye soka anaweza kuuliza tofauti iko wapi, maana mechi ni mechi. Katika soka timu ya taifa hutua Alhamisi, hucheza Jumamosi, na Jumapili iko uwanja wa ndege. Kriketi ilijengwa juu ya ziara. Mgeni hupita mji hadi mji, magazeti ya mwenyeji hufika mahali pa kumjua hata mchezaji wake wa akiba, aliyeshindwa Jumanne hupata nafasi ya kujirekebisha Ijumaa, na watazamaji nao hupata muda wa kumzoea yule waliyemzomea siku ya kwanza. Mechi za siku tano hufanya hayo vizuri kuliko zote, lakini zinadai wiki nyingi, na wiki nyingi za ugenini ni mzigo mkubwa kwa serikali zisizoaminiana. Mechi ya ova 20 humalizika kwa muda usiofika saa nne, ya ova 50 kwa siku moja. Ndiyo maana nashikilia aina hii ya ziara badala ya kudai kila kitu kwa mpigo: inatosha kumfanya mgeni aonekane kuwa mtu, na ni fupi kiasi kwamba polisi wa mji mmoja wanaibeba kwa siku mbili tatu kisha wanaikabidhi kwa wenzao wa mji mwingine.

Zitazame siku zile 13. Bangalore, wapigaji wawili wa mwanzo wa India walifikisha mikimbio 77 kabla hajatolewa hata mmoja, kisha timu ikaporomoka na kumaliza na 133 kwa wiketi 9. Kijana aliyekuwa akiichezea India kwa mara ya kwanza, Bhuvneshwar Kumar, alijibu kwa kuchukua wiketi 3 kwa mikimbio 9 tu, na Pakistan ikajikuta na mikimbio 12 kwa wiketi 3 kabla ya nahodha wake wa ova 20, Mohammad Hafeez, na Malik kuiokoa. Siku tatu baadaye, Ahmedabad, Yuvraj Singh, aliyekuwa amerejea uwanjani mwaka huohuo baada ya matibabu ya saratani, alipiga 72 kwa mipira 36 na India ikashinda kwa mikimbio 11. Chennai, Desemba 30, wapigaji watano wa India walikuwa wameondoka kwa mikimbio 29, na Mahendra Singh Dhoni akasimama katikati ya joto huku misuli ikimbana hadi akafikisha 113 bila kutolewa. Hata hivyo Nasir Jamshed alijibu kwa 101 naye bila kutolewa, na Pakistan ikashinda kwa wiketi 6. Kolkata, Januari 3, Jamshed alipiga 106, Pakistan ikafikisha 250, India ikatolewa yote kwa 165. Delhi, katika baridi kali ya Januari, Saeed Ajmal alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24 na India ikaishia 167. Mfululizo ulikuwa umekwisha kupotea, uwanja haukuwa na cha kugombea ila heshima, na bado warushaji wa India walipigana hadi Pakistan ikaishia 157. Katikati ya hayo yote kulikuwa na pambano lingine dogo. Virat Kohli, aliyekuwa tayari miongoni mwa wapigaji bora wa kizazi chake, aliondoka na 0, 6 na 7 katika mechi tatu za ova 50, na mara zote tatu aliyemtoa ni Junaid Khan, mrushaji wa mkono wa kushoto. Katika mechi moja ya mashindano jambo hilo lingekuwa bahati mbaya ya siku moja. Katika ziara ni mtihani: mpigaji anarudi hotelini akijua kwamba baada ya siku chache atamkabili mtu yuleyule, na nchi mbili zinakaa kungoja kama atapata jibu.

Itakuwa kosa kudhani kwamba ziara ile ilikuja wakati wa amani. Mashambulizi ya Mumbai ya Novemba 2008 yaliua watu 166, na India ilikata uhusiano wa kriketi na Pakistan mara moja. Ajmal Kasab, mshambuliaji pekee aliyekamatwa hai, alinyongwa Novemba 21, 2012, wiki tano tu kabla ya mechi ya Bangalore. Hasira haikuwa imepoa, na wapo wanasiasa wa India waliotaka ziara izuiwe. Kilichokuwapo wakati ule ni kazi ya makusudi ya serikali. Machi 2011 waziri mkuu wa India, Manmohan Singh, alimwalika mwenzake wa Pakistan, Yousaf Raza Gilani, wakaketi pamoja Mohali kutazama nusu fainali ya Kombe la Dunia. Septemba 2012 nchi hizo zilitia saini makubaliano ya kulegeza viza. Ziara ikafuata, na mashabiki wa Pakistan waliopata viza walivuka mpaka kwenda kuishangilia timu yao ndani ya India. Mlango ulifunguliwa na watu waliokuwa na kila sababu ya kuuacha umefungwa, nao walijua wanachofanya.

Historia yote ya kriketi ya majirani hawa imekwenda hivyo, kwa kufungua na kufunga. Pakistan ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa ya hadhi ya juu Delhi, Oktoba 1952, miaka mitano tu baada ya mgawanyo wa India na Pakistan uliomwaga damu ya mamia ya maelfu ya watu. Nahodha wake, Abdul Hafeez Kardar, alikuwa ameichezea India mwaka 1946. Mapema 1955 maelfu ya raia wa India waliruhusiwa kuvuka mpaka wa Wagah kwenda kutazama mechi Lahore, na wengi wao walikuwa wakirudi kwa mara ya kwanza katika mji walioukimbia. Vita vya 1965 na 1971 vikafunga mlango hadi 1978. Kisha ikaja 2004, ambayo ndiyo kilele cha kila kitu. Waziri mkuu Atal Bihari Vajpayee aliiaga timu ya India kwa kuitaka ishinde mioyo pia. Machi 13, Karachi, India ilipiga 349, Pakistan ikafukuza hadi 344, na mipira ilipokwisha India ikiwa imeshinda kwa mikimbio 5, watu wa Karachi walisimama kuipigia makofi timu iliyowashinda. Mji uleule haukuwa umeiona timu ya India kwa miaka mingi, na hapakuwa na amri wala zawadi iliyowainua watu wale vitini.

Sasa weka mbele ya hayo kile tulicho nacho leo. Tangu 2013, katika kila shindano kubwa la ova chache la wanaume linaloendeshwa na Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, India na Pakistan zimekutana katika hatua ya mwanzo. Hiyo si bahati ya droo. Mwaka 2016 mtendaji mkuu wa ICC wa wakati huo, Dave Richardson, alikiri wazi kwamba mechi hiyo ni muhimu mno kwa baraza na kwamba hujitahidi kuipata. Haki za televisheni zinauzwa kwa bei inayoihesabu mechi hiyo ndani yake. Lakini katika ligi ya mechi za siku tano, iliyoanza 2019, ambako timu hutembeleana nyumbani, India na Pakistan hazijawahi kupangiwa kuchezeana. Palipo na fedha za wote na uwanja wa mtu wa tatu, zinakutana kwa lazima. Panapohitajika mmoja aingie nyumbani kwa mwenzake, hazikutani kabisa. Mfumo huu umejengwa kwa mikono, na unaonyesha kinachothaminiwa.

Na matokeo yake yameonekana. Oktoba 14, 2023, Pakistan ilicheza Ahmedabad katika Kombe la Dunia mbele ya watu zaidi ya 100,000, na mashabiki wake walikuwa karibu hawapo, kwa kuwa viza hazikutoka. Mkurugenzi wa timu hiyo, Mickey Arthur, alilalamika kwamba mechi haikufanana na shindano la kimataifa. Ni mji uleule ambako mwaka 2012 timu hizo zilicheza mechi iliyoamuliwa kwa mikimbio 11. Mapema 2025 Pakistan iliandaa Champions Trophy, na India ikakataa kwenda. Mechi zake zikapelekwa Dubai, na ilipofika fainali, fainali nayo ikahamishwa kutoka Lahore. Kisha ikaja Septemba 2025. Kombe la Asia lilichezwa Umoja wa Falme za Kiarabu, na timu hizo zikakutana mara tatu ndani ya siku 15. Wachezaji wa India walikataa kuwapa mkono wenzao. Nahodha wa India, Suryakumar Yadav, na mrushaji wa Pakistan, Haris Rauf, wote waliadhibiwa kwa maneno na ishara zao. India ilishinda fainali ya Septemba 28 na kukataa kupokea kombe kutoka kwa Mohsin Naqvi, mwenyekiti wa bodi ya kriketi ya Pakistan na rais wa baraza la Asia, na kombe likaondolewa uwanjani. Wiki moja baadaye, Colombo, timu za wanawake nazo zilicheza Kombe la Dunia bila kupeana mikono. Hapo ndipo utaratibu wa mashindano pekee ulipotufikisha: mechi imebaki, tangazo la biashara limebaki, na adabu ya mchezo, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya kuicheza, imeondoka.

Pingamizi zito kuliko yote ni la damu, nami silipitii juujuu. Aprili 22, 2025, watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir, wengi wao watalii waliokuwa mapumzikoni na familia zao. Mei 7 India ilishambulia ndani ya Pakistan, na katika siku nne za mapigano raia walikufa pande zote mbili. Mjane wa Pahalgam akisema hataki kuona bendera mbili zikipandishwa pamoja kwa ajili ya mchezo, hakuna mwandishi mwenye haki ya kumwambia amekosea. Msimamo wa kutocheza kabisa ni msimamo wa heshima, kwa sababu una gharama: unapoteza pointi, unapoteza kombe, unapoteza mabilioni. Lakini huo sio msimamo uliochukuliwa. Agosti 2025 wizara ya michezo ya India ilitangaza sera: hakuna mechi za nchi mbili na Pakistan, ila mashindano ya nchi nyingi ruksa. Iulize sera hiyo inamlinda nani. Aliyefiwa haoni nafuu kwa kuambiwa kwamba mechi iliyomuumiza ilichezwa Dubai na si Lahore. Kinacholindwa na mstari huo ni nafasi ya India katika mashindano, haki yake ya kuyaandaa, na mapato ya televisheni. Kama msiba unazuia kriketi, uizuie yote. Kama hauzuii mechi tatu za Dubai, hauwezi kutumika kuzuia mechi tatu za Kolkata.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wenye kumbukumbu nzuri. Wanasema kriketi haijawahi kuleta amani, na ushahidi wao ni wa kweli. Mwanzoni mwa 1999 Pakistan iliishinda India kwa mikimbio 12 Chennai, na umati wa Chennai ukasimama kuwashangilia washindi walipozunguka uwanja. Miezi michache baadaye vita vya Kargil vilianza. Januari 8, 2013, siku mbili tu baada ya mechi ya mwisho ya ziara ninayoitetea, wanajeshi wawili wa India waliuawa kwenye mstari wa mpaka Kashmir, na uhusiano ukaganda tena. Nakubali yote. Anayeuza kriketi kama dawa ya Kashmir anaidanganya hadhira yake na kuudhuru mchezo, kwa maana kila risasi ikilia mchezo unahesabiwa kuwa umeshindwa kazi ambayo haikuwa yake. Lakini kutoka hapo kwenda kusema basi usichezwe ni kuruka hatua. Biashara na reli havikuzuia Kargil pia. Waliopiga makofi Chennai mwaka 1999 hawakuvianzisha vita vile, na makofi yao hayakuwa ya uongo kwa sababu majenerali waliamua jambo lingine. Ziara inaweza kufanya kazi ndogo na yenye mipaka: kumwezesha raia wa kawaida amwone jirani yake akitokwa jasho, akikosea, akicheka na kupoteza, mahali ambapo habari za jirani huyo vinginevyo huja kupitia taarifa za kijeshi na studio za televisheni zinazopiga kelele. Watu bilioni moja na nusu na zaidi wanaoishi pande hizo mbili, wenye silaha za nyuklia juu ya vichwa vyao, wana haki ya kazi hiyo ndogo.

Usalama nao hutajwa, na lazima ujibiwe kwa ukweli. Machi 3, 2009, basi la timu ya Sri Lanka lilishambuliwa Lahore, polisi sita wakauawa wakiilinda, na Pakistan ikakaa miaka bila wageni wa maana. Hatari ile haikuwa ya kubuni. Hata hivyo Australia ilirudi Pakistan mwaka 2022 baada ya miaka 24. New Zealand, iliyoondoka Rawalpindi Septemba 2021 siku ileile ya mechi ya kwanza, ilirejea kabla mwaka 2022 haujaisha. England ilicheza huko mechi saba za ova 20 mwaka huohuo. India yenyewe, Februari 2024, ilituma timu yake ya tenisi Islamabad kwa Davis Cup, mara ya kwanza kwa miaka 60, ikashinda 4-0 na kurudi nyumbani salama. Na Juni 2023 timu ya soka ya Pakistan ilikuwa imecheza Bangalore. Afrika Mashariki inalijua suala hili kwa uchungu wake. Katika Kombe la Dunia la 2003 New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu iliyotokana na shambulio la Kikambala, karibu na Mombasa, la Novemba 2002. Siku tatu baada ya tarehe ya mechi hiyo, Sri Lanka ilikuja, ikacheza, na Kenya ikaishinda kwa mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, bila tukio lolote. Wachezaji wa New Zealand hawakuwa waoga kwa kuogopa. Lakini usalama ni jambo linalopimwa kwa mji, kwa uwanja na kwa wiki, na kinachopimwa kinaweza kupata jibu la ndiyo. Kati ya India na Pakistan hakuna anayepima. Jibu hutolewa kabla ya swali.

Niongeze jambo la mchezo wenyewe, ambalo katika kelele za siasa husahaulika. Kohli, ambaye ameipigia India kwa zaidi ya miaka 15, aliwahi kucheza Pakistan akiwa na timu ya vijana mwaka 2006, na hajawahi kucheza huko hata mechi moja akiwa na timu ya wakubwa. Babar Azam alikanyaga viwanja vya India kwa mara ya kwanza kwa mechi za kimataifa mwaka 2023, akiwa tayari nahodha na miongoni mwa wapigaji wakubwa duniani. Katika msimu wa kwanza wa ligi ya India, 2008, aliyeongoza kwa wiketi alikuwa Mpakistani, Sohail Tanvir, akiwa nazo 22. Baada ya mwaka huo wachezaji wa Pakistan hawakurudi. Watoto wa Lahore wanaojifunza kurusha mpira hawajawahi kumwona Jasprit Bumrah akifanya hivyo katika mji wao, ingawa kutoka Amritsar hadi Lahore ni kama kilomita 50. Hasara hiyo haiingii kwenye hesabu ya bodi yoyote. Kenya inaweza kuwasimulia ilivyo mchezo ukikosa wageni: ilifika nusu fainali ya dunia mwaka 2003, kisha mataifa makubwa yakaacha kuja, mechi zikakauka, migogoro ya chama ikamalizia, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za ova 50. India na Pakistan ni kubwa mno kufa hivyo, lakini uadui wa uwanjani kati yao, uliowahi kuwa na majina, visa na kumbukumbu za miji, umedhoofika na kuwa mechi moja ya saa tatu na nusu kila baada ya miezi kadhaa, ambayo India hushinda karibu kila mara na ambayo watu huanza kuikumbuka kwa yaliyotokea baada ya mpira wa mwisho.

Wapo watakaosema njia iko kwenye makubaliano ya bodi. Ilijaribiwa. Mwaka 2014 bodi mbili zilikubaliana kucheza mifululizo sita kati ya 2015 na 2023. Hakuna hata mmoja uliochezwa. Pakistan ilidai fidia ya makumi ya mamilioni ya dola, India ikajitetea kwamba serikali yake haikutoa kibali, na Novemba 2018 jopo la ICC likaitupa kesi. Fundisho la kesi ile ni kwamba bodi zisipeleke mbele mpango wa miaka minane. Zipeleke ombi dogo ambalo serikali inaweza kulikubali bila kujifunga: mechi 3 za ova 20 na 2 za ova 50, wiki mbili, nusu Lahore na nusu Mohali kama italazimu, ili kila upande uwe mwenyeji na kila upande uwe mgeni. Na ICC kwa upande wake iache kuipanga mechi hii kwa mkono. Droo iachwe iwe droo. Siku bodi zikikosa fedha za mechi ya lazima, zitagundua haraka faida ya kualikana.

Wengine husema tuache kwanza wanasiasa wakae sawa. Lakini katika mambo haya kriketi na siasa hazina nyumba mbili tena. Mohsin Naqvi, anayeongoza bodi ya Pakistan, ndiye waziri wa mambo ya ndani wa nchi yake. Jay Shah, aliyekuwa katibu wa bodi ya India kabla ya kuwa mwenyekiti wa ICC Desemba 1, 2024, ni mwana wa Amit Shah, waziri wa mambo ya ndani wa India. Viza ya shabiki wa Karachi anayetaka kwenda Kolkata, na ya shabiki wa Delhi anayetaka kwenda Lahore, hupita katika wizara hizo mbili. Waanze kwa kutoa viza hizo.